Nilivyoyasafisha Matumbawe ya Babu wa Dukani

Mwezi uliopita nilikwenda Mtwara kwa harusi, nikafikia nyumba ya wageni. Juu ya meza ya mapokezi palikuwa na tumbawe kubwa, jeupe pe, limezungushiwa maua ya plastiki. Wageni wenzangu walikuwa wanalisifia na kupiga nalo picha. Mimi nikaomba kiti, nikakaa nikilipa mgongo. Ngoja nikusimulie jambo ambalo hata marehemu mume wangu sikuwahi kumwambia.

Miaka ya sitini, nikiwa darasa la nne, tulikaa Chuno, hapo hapo Mtwara. Baba alikuwa karani bandarini. Jirani yetu alikuwa babu wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, miguu imemvimba, hawezi tena kwenda pwani alikozoea kutembea maji yakipwa. Basi akachukua kabati moja la vioo la pale dukani, akaziba pembe, akalijaza mchanga na maji ya bahari. Wavuvi wa Msimbati wakamletea kwa ndoo matumbawe madogo ya kahawia, ya kijani, na moja la zambarau, pamoja na samaki wawili wa milia. Hiyo ndiyo ikawa bahari yake. Alikaa mbele yake na chai ya iliki, wateja wakimsubiri.

Alipopelekwa kulazwa hospitali, kabati aliniachia mimi.

"Binti, chakula kiduchu tu, kama chumvi unayotia kwenye yai. Maji, kila Jumamosi ndoo moja utoe, ndoo moja utie. Usizidishe, usipunguze."

Huruma ikaniponza. Samaki walinitazama midomo wazi, nikaona wana njaa, nikawatilia ugali wa muhogo na dagaa wa kuponda. Wiki haikuisha maji yakawa ya kijani, yananuka, utelezi umepanda hadi juu ya vioo. Mama alikuja akaziba pua.

"We mtoto, babu wa watu akirudi utamwambia nini? Safisha!"

Nami kwa usafi nilikuwa hodari. Kila Jumatatu mwalimu wetu alikagua kucha, meno na kola, na darasa safi kuliko yote lilipewa bendera nyeupe. Nikasugua vioo, nikaosha mchanga mara tatu, nikamwaga maji yote na kutia mengine ya bahari niliyoyachuja kwa kanga ya mama iliyokunjwa mara nne. Nikafanya hivyo kila siku. Chakula nikakikata kabisa, maana ndicho kilicholeta uchafu. Samaki mmoja alikufa, nikasema ni uzee. Na matumbawe, ndugu yangu, yakaanza kutakata! Rangi ilififia, kisha yakawa meupe kuliko soksi zangu za Jumatatu. Nikaita darasa zima lije kuona. Mwalimu mwenyewe alinipigia makofi.

Siku babu aliporudi nilivaa sare, nikasimama kando ya kabati kifua mbele. Aliingia na mkongojo wake, akatazama. Mkongojo ukamponyoka.

"Umewalisha nini hawa?"

"Sijawalisha kitu, babu. Nimeyasafisha."

Aliweka kiganja kwenye kioo. "Haya si mawe, binti. Hawa ni wanyama. Walikuwa wanakula."

Nilishtuka, na hadi leo sijamaliza kushtuka. Vitu nilivyovikanyaga pwani tangu nijue kutembea, kumbe vina vinywa! Nami nimeviua kwa njaa huku nikipigiwa makofi. Babu hakunigombeza, afadhali angenichapa. Kesho yake kabati lilikuwa limejaa vitambaa, na yeye amegeuzia kiti chake ukutani.

Duka lile halipo tena, wala babu. Pale mapokezi, nilipopata pumzi, nilimwuliza binti wa zamu wamelisugua tumbawe lao kwa dawa gani hata likatakata vile.

"Hatujasugua, bibi," alinijibu, uso umemng'aa kama wangu siku ile. "Siku hizi yako hivyo hivyo huko huko baharini, meupe kote. Nenda kesho ukaone yalivyopendeza!"