Siku Mama Orodha Alipokosa Kazi

Mbele yake walimwita Mama Mchungaji. Akigeuka tu, walimwita Mama Orodha, na hakuna aliyemsingizia, maana mwanamke yule hakuweza kupita ukuta mtupu bila kuubandika karatasi. Kituo kizima cha kulea watoto kilikuwa kimevaa karatasi zake: zamu ya kuosha vikombe, zamu ya kukunja mikeka ya kulalia, watoto wenye kikohozi, watoto wasiolala bila kushika soksi, na mmoja, peke yake kwenye karatasi yake, ambaye asiachwe karibu na mkasi. Mumewe alipenda kusema kwamba siku ya mwisho mkewe atafika mlangoni mwa mbinguni na kumwuliza malaika kama majina ameyapanga kwa alfabeti.

Walifika katika mji ule miaka sita nyuma, wageni wa kutupwa, na masanduku matatu, binti wa miaka saba, na barua ya kanisa la kwao iliyosema wametumwa kuhubiri na kujenga jamii. Jumapili ya kwanza Mchungaji alihubiri. Walikuja watu watano, na wawili kati yao wakasinzia palepale kitini, kwa sababu walikuwa wametoka zamu. Mtaa ule wote uliishi kwa kiwanda cha kushona nguo. King'ora kikilia asubuhi akina mama walimiminika barabarani, na watoto wao wadogo walibaki wamefungiwa ndani na sahani ya chakula na onyo kali. Mama Orodha alikuwa amefundisha chekechea miaka tisa huko kwao. Aliliona jambo lile katika juma la kwanza tu na raha ikamtoka.

"Baba," alimwambia mumewe, "mahubiri yatasubiri. Hawa watoto hawasubiri."

Mchungaji kabla ya wito wake alikuwa seremala, na randa yake alikuwa ameificha chini ya vitabu vya theolojia kwenye sanduku la pili. Aliomba ghala kuukuu la viatu, akaziba matundu, akatengeneza viti thelathini vya kimo cha goti. Tuseme ukweli: mahubiri yake yalikuwa marefu na viti vyake vifupi, na watu walivipenda viti zaidi. Lakini mzazi aliyemwachia Mama Orodha mtoto siku sita alikuwa tayari kumsikiliza mumewe siku ya saba, na taratibu kanisa nalo likapata watu.

Wa kwanza kuja kusaidia alikuja kugomba. Alikuwa mshonaji aliyestaafu kiwandani, mwanamke mpana mwenye sauti ya kusikika mitaa miwili, na alikuja kulalamika kwamba kelele za watoto zinamkosesha usingizi wa mchana. Akakuta watoto kumi na wanane wanalia na mama mmoja mgeni anayehangaika katikati yao. Akavua kanga ya mabegani, akaketi chini, akampakata aliyekuwa karibu. Hakuondoka tena. Mama Orodha alimfundisha kuandika daftari la mahudhurio, na kumpokea mtoto mpya kwa kupiga magoti kwanza, maneno baadaye. Baada ya miaka mitatu wasaidizi wenzake walimchagua kuwa Mwenyekiti, na cheo hicho kikawa ndilo jina lake.

Sasa, kila miezi mitatu Mchungaji alikuwa akiandika barua kwa makanisa ya kwao. Barua hizo zina utaratibu wake unaojulikana na kila aliyetumwa mbali: shukrani mwanzo, shukrani katikati, na mahitaji mistari miwili mwishoni, kwa unyenyekevu. Mabibi wanaowaombea hawapendi kusikia kwamba choo kimeziba. Wanataka ushindi, na Mchungaji, mtu wa moyo laini, aliwapa. Mkewe aliipitia kila barua kabla haijaenda, na alikuwa hatii chumvi ila pale ilipopungua. Katika barua ya mwisho mumewe aliandika kwamba akina mama wa huku wanakiendesha kituo wenyewe. Yeye akaongeza kwa mkono wake: "Siku hizi mimi nakaa tu pembeni nikimshukuru Mungu." Sentensi ilimpendeza. Aliisoma mara mbili kwa sauti.

Jibu lilikuja baada ya mwezi. Waliishi juu ya duka la mwoka mikate, na barua ile waliisomea jikoni, wote watatu, huku joto la tanuri likipanda kutoka chini. Katibu wa misheni aliandika kwamba makanisa yamefurahi mno, kwamba kazi imekomaa kuliko ilivyotarajiwa, na kwamba iko nchi nyingine yenye uhitaji inayowangoja. Alikuwa anakuja mwenyewe kuhakikisha. Akikuta mambo ni kama yalivyoandikwa, familia ingehama baada ya miezi mitatu.

Binti yao, mwenye miaka kumi na mitatu sasa, ndiye aliyekuwa kifungua mimba na kitinda mimba pia, na alikuwa na ulimi wa wote wawili.

"Mmetuhamisha wenyewe," alisema. "Kwa kalamu yenu."

"Tuliandika mema tu, mwanangu," baba yake alijitetea.

"Ndiyo hayo sasa." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Mnasemaga kwetu, kwetu. Mimi kwetu ni hapa, juu ya mikate. Rafiki yangu yuko hapo chini. Huko kwingine naanza tena kuwa yule mgeni anayekaa dawati la nyuma?"

Mama Orodha na yeye hakutaka kuondoka hata kidogo. Mwaka wa kwanza alikuwa amelia karibu kila siku, akiuliza bei kwa vidole sokoni na kuchekwa. Ilimchukua miaka minne kupata watu wa kutaniana nao barabarani. Kuanza upya kulimtisha kuliko alivyothubutu kumwambia mumewe.

"Uongo hatusemi," Mchungaji alisema baada ya kufikiri sana. "Lakini hatulazimiki kumpigia mgeni deki."

Wakatazamana. Hapo ndipo walipopata wazo la Jumatatu.

Kila mtu pale kituoni aliijua Jumatatu. Watoto walirudi kutoka kwa bibi zao wameharibika tabia, wasaidizi wawili kati ya watano walichelewa, jiko la uji liligoma kuwaka, na kabla ya saa nne lazima mmoja amemwuma mwenzake. Siku hiyo Mama Orodha ndiye aliyekuwa zimamoto, polisi na hakimu. Basi wakamwandikia Katibu kwamba wangefurahi sana akija Jumatatu, saa moja asubuhi, aone kazi kama ilivyo. Hakuna neno la uongo hapo, na Mchungaji alilala na dhamiri safi, au karibu safi.

Walichokosea ni kimoja. Hawakumwambia Mwenyekiti kwa nini mgeni anakuja. Waliona aibu kumwambia, kwa hiyo walimwambia tu kwamba ni mkubwa wao kutoka kwao. Mwenyekiti hakuhitaji zaidi. Mkubwa wa Mama Mchungaji anakuja, na Mama Mchungaji aaibike mbele yake? Aliwakusanya wenzake Jumamosi na Jumapili baada ya ibada, akafunga mlango, na yaliyosemwa humo hayakutoka nje.

Jumatatu Mama Orodha alifika saa kumi na mbili na nusu, roho juu, akitegemea fujo. Akakuta sakafu inang'aa. Wasaidizi watano wamesimama mlangoni kwa mstari, wamefunga vitambaa vya kichwa vya rangi moja, vimeshonwa jana yake. Jiko linawaka. Uji umeshapoa kiasi cha kunyweka.

"Kumetokea nini?" aliuliza.

"Wewe kaa, Mama," Mwenyekiti alisema kwa fahari. "Leo hushiki kitu."

Hakushika kitu kweli. Alinyakua ufagio, akanyang'anywa. Alijaribu kuosha vikombe, akaambiwa angalia orodha yako mwenyewe, leo si zamu yako. Katibu alipoingia, mzee mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni, alimkuta Mama Orodha ameketi kwenye kiti cha kimo cha goti, mikono mapajani, mfano wa mtoto aliyeadhibiwa. Mchungaji alisimama nyuma ya mgeni akimtazama mkewe kwa macho ya mtu anayezama.

Katibu alizunguka. Alifungua daftari la mahudhurio, akatikisa kichwa kwa furaha. Aliwaona watoto wakinawa mikono bila kusukumana, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu ghala lile liwe kituo. Hata yule wa mkasi alikuwa amekunja mikono.

Kisha kasichana kamoja ka miaka mitatu kalijikwaa kwenye mkeka, kakaanguka kifudifudi. Mama Orodha aliinuka upesi, mikono imekwishanyooka. Mtoto alimwona. Akampita, analia, akakimbilia kwa msaidizi mmoja kijana aliyekuwa mwisho wa chumba, na msaidizi yule alipiga magoti kwanza, maneno baadaye, kama alivyofundishwa na Mwenyekiti. Mama Orodha alibaki amesimama na mikono yake hewani. Iliuma. Na chini ya maumivu yale alisikia furaha, akaichukia furaha hiyo kwa kuja wakati mbaya.

"Mama Mwenyekiti," Katibu aliuliza, kalamu tayari, "Mama Mchungaji akiondoka, mtafunga kituo?"

"Tufunge?" Mwenyekiti alicheka mpaka watoto wakacheka naye. "Mzee wangu, tufunge kwa nini? Mwaka jana aliumwa wiki tatu, hakuna hata mzazi mmoja aliyejua. Tunaweza!"

"Bwana asifiwe. Basi hakuna kizuizi. Tutawahamisha mwezi wa tatu kuanzia sasa."

Kicheko kilikatika. Mwenyekiti alimtazama Katibu, akamtazama Mchungaji aliyeinamisha kichwa, akamtazama Mama Orodha, na ukweli ukamwingia.

"Aa, mzee, ngoja, ngoja kwanza," alisema mbiombio. "Tunaweza, lakini vibaya. Hii unayoiona ni ya leo tu. Siku nyingine hapa ni soko. Na hilo daftari si letu, kaliandika yeye. Sisi wanawake wa cherehani tu, tunajua nini? Akiondoka huyu tumekwisha."

Wasaidizi wengine waliitikia kwa pamoja kwamba wamekwisha. Mmoja alijaribu hata kukumbuka jinsi ya kulia.

Katibu alikuwa amekagua vituo vingi, na hakuwa mjinga. Alifunga kalamu yake. Akamgeukia Mama Orodha.

"Mama, niambie wewe. Ukisema kazi haijaisha, nitaandika haijaisha, na mtakaa. Neno lako linanitosha."

Mwenyekiti alimkonyeza kwa nguvu zake zote. Mchungaji hakumwonyesha ishara yoyote, alimwachia. Neno moja tu, na binti yake angerudi kutoka shule na kukuta maisha yake mahali pake. Mama Orodha alilifungulia mdomo neno lile. Halafu akaliona daftari, na ule mwandiko mkubwa wa kulalia kushoto, wa mwanamke aliyejifunza kuandika mahudhurio akiwa na miaka hamsini na minane, akawa anabaki na mwanga wa dirishani jioni mpaka mistari inyooke. Na mwenye mwandiko ule alikuwa amesimama mbele ya wenzake akijiita hajui kitu, kwa ajili yake.

"Asikudanganye, mzee," alisema. "Daftari ni lake, kila mstari. Na wanaweza. Wanaweza kunishinda mimi."

Alilia mbele ya watoto, jambo alilokuwa ameliandikia katazo ukutani. Mwenyekiti alimshika mabega, akamtikisa kwa hasira kwanza, kisha akamkumbatia.

"Ungenyamaza tu," alisema akilia naye. "Mtu mzima hujui hata kunyamaza?"

Saa tisa binti alipanda ngazi za nyumbani mbilimbili, mkoba mgongoni, akamkuta mama yake mezani peke yake. Hakuuliza kama kuna uji.

"Amesemaje?"

"Aliniuliza mimi," Mama Orodha alijibu. Alikuwa amekata shauri kutojificha nyuma ya Katibu wala ya Mungu. "Angenisikiliza. Mimi ndiye niliyesema wanaweza wenyewe. Ni kweli, wanaweza. Nisamehe, mwanangu."

Chini, rafiki wa binti alikuwa akiliita jina lake kupitia dirisha la duka, na yeye hakuitika. Mwishowe alivua mkoba, akavuta kiti, akaketi karibu kabisa na mama yake, bega kwa bega, kama alivyokuwa akiketi alipokuwa mdogo.

"Mama, huko tunakokwenda," alisema akijifuta pua kwa mkono wa sweta, "nakuomba kitu kimoja. Msifanye vizuri sana."