Sauti Iliyoita Mara Moja

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na hasira kubwa kuliko kimo changu, na shosho, nyanya yangu, alizoea kusema kwamba hasira hiyo ingenipeleka pabaya. Hakusema kwamba ingempeleka mtu mwingine. Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu ya mpwa wangu Kariuki, kijana anayeingia kwenye majumba yaliyoachwa akiwa na simu, anapiga video na kuzirusha mtandaoni. Mwezi uliopita alikuja kwangu Thika akaomba nimsimulie habari za kiwanda kilichotazamana na nyumba niliyokulia.

"Aunty, nipatie tu ile stori ya ghost anaita mara moja," alisema. "Watu wanaipenda sana."

Nilimwambia amalize chai yake aende. Alidhani ninatania. Nilipokichukua kikombe mkononi mwake ndipo akajua sitanii.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha nguo. Kilifungwa nikiwa darasa la pili, na sisi tuliokaa kwenye nyumba za wafanyakazi tukabaki tukitazamana na ukuta wake kila tulipofungua mlango. Mama, aliyekuwa akisimamia mashine za kufuma, alienda kuuza mitumba Githurai na akawa anarudi Jumapili tu. Shosho aliletwa kutoka Ngoliba anilee. Alikichukia kiwanda kile tangu siku ya kwanza. Alisema nyumba kubwa namna hiyo haikai bure, watu wakitoka kuna wengine wanaoingia. Tena watu wazima wa pale walisema kuna mfanyakazi aliyefia kwenye mashine zamani, na kwamba bado anatafuta mtu wa kumpokea zamu.

Ndipo shosho akanipa sheria yake. Mtu aliye hai akikuita usipoitika, ataita tena, na tena, mpaka akuchoshe. Wale wengine huita mara moja tu. Ukisikia jina lako mara moja mahali pasipo na watu, funga mdomo, usigeuke, nenda zako. Ukiitika, umempokea zamu. Alinikaririsha sheria hiyo kama vile mwalimu anavyokaririsha hesabu za kuzidisha, na mimi niliiamini kabisa.

Wamaitha hakuiamini. Alikuwa jirani yetu, mlango wa tatu, umri wangu, miaka kumi na moja, na sijaona mtu mzima mwenye ujasiri wa yule mtoto. Yeye ndiye aliyegundua tundu pale ukuta ulipokutana na mtaro. Kila Jumamosi tuliingia tukachunguza chumba kimoja kipya, naye alikichora nyuma ya daftari lake la Kiingereza, na milango yake, na ngazi, na mahali ambapo sakafu ilikuwa mbovu. Mlinzi alikuwa mzee mmoja tu, na lango lake lilikuwa upande wa pili kabisa. Tuliona chumba cha boila. Tuliona ofisi iliyojaa kadi za wafanyakazi zenye picha, tukaitafuta ya mama na hatukuipata. Kote kulinuka mafuta ya mashine na mavi ya popo. Watu wa vyuma chakavu walikuwa wametutangulia wakang'oa mota, mabomba, hata vifuniko vya mitaro iliyopita chini ya sakafu, na juu ya mashimo mengine walikuwa wametupia mbao.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana, jua likiingia kupitia mabati yaliyotoboka. Wamaitha alitaka tuingie chumba cha rangi, ambako nguo zilikuwa zikitumbukizwa kwenye matangi. Kilikuwa na giza na sikutaka. Nilimwambia kwamba shosho amekataza. Hapo akaanza kunicheka, kwanza kidogo, halafu kile kicheko cha kumuudhi mtu makusudi.

"Shosho yako ni mchawi," alisema. "Kila mtu kwa hii ploti anajua. Wewe tu ndio hujui."

Nilijua watu walisema hivyo. Walisema kwa sababu alikuwa mgeni, mkali, na alizungumza na mimea yake. Lakini kuyasikia kwa Wamaitha kuliniuma kuliko kofi. Nilimwambia abaki na kiwanda chake, na kwamba natumaini kingemmeza. Ndiyo, nilisema hivyo. Nikageuka nikaanza kuondoka.

Nilikuwa nimefika katikati ya ukumbi wa kufuma niliposikia ubao ukivunjika nyuma yangu. Kisha nikasikia jina langu. "Nyambura!" Mara moja.

Nilisimama. Nilingoja kidogo sana, labda muda wa kuvuta pumzi mbili. Halafu nikakimbia, nikapita kwenye tundu nikachanika goti, na sikusimama tena mpaka mlangoni kwetu.

Shosho alikuwa amekaa nje akichagua maharagwe kwenye uteo. Nilimwambia nimeitwa. Hakunigombeza kwa kuingia kule. Aliuliza nimeitwa mara ngapi, nikasema moja. Akauliza kama niliitika, nikasema la. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, na uso wake ulijaa fahari ambayo sikuwa nimewahi kuiona.

"Na ilikuwa sauti ya nani?" aliuliza.

"Sijui, shosho."

Alinipa uji wa kipimo cha mtu mzima, kwenye kikombe chake mwenyewe. Niliunywa wote. Ninapowaza jinsi nilivyokaa pale nikipuliza uji ule na kuona mtamu, nasikia aibu hadi leo, tena aibu ya kunitoa jasho.

Saa kumi na moja mama yake Wamaitha alikuja kuuliza kama nimemwona mwanawe. Nilisema hatujaonana tangu asubuhi. Alipoondoka, shosho aliweka uteo chini. Alitazama goti langu, akaniuliza tena ilikuwa sauti ya nani, safari hii polepole. Nilianza kulia, na hilo lilikuwa jibu tosha.

Shosho, aliyekuwa hapiti hata karibu na ukuta ule, alifunga kanga kiunoni akaingia kupitia tundu la watoto. Niliachwa nje. Nilimsikia akiita, "Wamaitha! Wamaitha! Wamaitha!" ukumbi baada ya ukumbi, bila kupumzika, mpaka sauti yake ikakwaruza. Majirani walisikia kelele wakaja. Mlinzi alileta kamba. Jua lilikuwa bado halijazama walipomtoa kwenye mtaro wa chumba cha rangi, tope hadi kifuani, mguu wa kulia umegeukia upande ambao mguu haugeukii. Alikuwa amekaa mle ndani zaidi ya saa nne.

Hakufa. Watu wengi humalizia hapo, kwamba tumshukuru Mungu. Lakini mguu uliunganishwa vibaya, ukafunguliwa, ukaunganishwa tena, na haukuwa mguu tena. Majirani nao walikuwa na methali yao tayari: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sijawahi kuichukia methali nyingine kama nilivyoichukia hiyo. Waliisema huku wakinipapasa kichwa mimi, mtoto niliyesikia la mkuu.

Mama yake Wamaitha, aliyekuwa amesikia habari za sheria ile, alikuja kutoka hospitali akasimama mlangoni kwetu, na mbele ya ploti nzima akamwambia shosho kwamba mafundisho yake ya kichawi ndiyo yaliyomwacha mtoto wake shimoni. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilingoja shosho aseme ukweli, kwamba mjukuu wake alidanganya. Alisema tu, "Ni kweli. Mimi ndio nilimfundisha." Kuanzia siku hiyo hakuna jirani aliyemsalimu wala kupokea kitu mkononi mwake. Kabla ya mwaka kwisha alirudi Ngoliba, na huko ndiko alikofia. Hakuwahi kunitaja. Na mimi sikuwahi kumtetea.

Wamaitha na mama yake walihamia Ruiru. Hadithi ilibaki ikajikuza yenyewe. Watoto waliokuja baadaye waliambiwa kuna mzimu wa kike unaoita jina lako mara moja. Wa leo wanaenda kuutafuta wakiwa na taa za simu, na video ya Kariuki, aliyoipiga bila mimi, imetazamwa na watu ambao hawajui hata Thika iko wapi.

Video hiyo ndiyo iliyonifanya niende Gatongora, huko huko Ruiru. Kwa miaka yote hii nilijua kwamba Wamaitha ana duka la madaftari na fotokopi huko, na kwa miaka yote nilipita barabara nyingine. Nilimkuta nyuma ya kaunta akipanga karatasi kwenye mashine. Alinitambua mara moja na hakutabasamu. Nilisema nilichokuja kusema, vibaya, kwa kurukaruka: kwamba nilikuwa mtoto, kwamba shosho alinifundisha hivyo, kwamba angeita mara ya pili tu ningerudi.

Aliniacha nimalize. Kisha akazima mashine.

"Niliita mara moja," alisema. "Halafu nikasikia viatu zako zikikimbia. Ningeita nani tena?"

Mteja aliingia akitaka nakala ya kitambulisho, naye akamhudumia, akitembea kutoka kaunta hadi mashine kwa mwendo ule ambao nimeubeba kichwani bila kuwahi kuuona. Mteja alipotoka nilimwomba msamaha. Alisema amesikia. Hakusema amenisamehe, na nina heshima ya kutosha ya kutoliongezea kitu jibu lake.

Nilipofika mlangoni aliniita, akasema, "Ambia huyo kijana wako ghost ako na duka Gatongora. Akuje mchana."

Nilimwambia Kariuki yote. Jioni ile aliiondoa video mtandaoni. Aliniuliza kama basi imani za shosho zilikuwa za uongo. Kwa miaka mingi ningemjibu ndiyo, kwa sauti kubwa, maana kumlaumu mwanamke aliyekufa akiwa amenifichia siri yangu kulikuwa rahisi. Lakini shosho alinikataza kuitikia sauti nisiyoijua, na pumzi zile mbili katikati ya ukumbi sikuzitumia kujiuliza ni nani. Nilizitumia kuamua. Nilikuwa nimetukanwa, nilitaka aliyenitukana aogope kidogo, na sheria ya shosho ilikuwa karibu, nikajifunika nayo. Sauti ile niliijua tangu herufi ya kwanza.