Afya ya Mume Wangu

Kwetu Tanga miaka ile ya hamsini, mtu akinenepa watu hawakusema amenenepa. Walisema amepata afya. Neno hilo nalichukia mpaka leo.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani, tukikaa Nguvumali. Kila aliyepita barazani alimsifu yeye kwa afya na mimi kwa kumlisha. Siku moja alishikwa na maumivu ya kifua, yakashuka mpaka mkono wa kushoto, jasho likamtoka. Daktari akatuambia mafuta yameganda ndani ya mishipa inayoupelekea moyo damu, njia imekuwa nyembamba. Samli basi, mkia wa kondoo basi. Ale samaki, kunde, mchicha, na atembee. Siku hizi wajukuu zangu huyaita mafuta hayo lehemu mbaya. Sisi hatukuwa na jina lake, lakini tulielewa.

Alitii. Akakonda, akawa anatembea mpaka Raskazone na kurudi bila kushika kifua. Nilifurahi mno. Ndipo alipokuja mavyaa wangu, mama yake mume wangu.

"Mwanangu kakonda. Humpi kula?"

"Daktari kakataza mafuta, mama."

"Daktari ndiye aliyemzaa?"

Tangu hapo alileta bakuli kila mchana, wali umerowa samli, akakaa mkekani kumtazama mwanawe akila. Nilimsihi mume wangu akatae.

"Mke wangu," akaniambia, "nikirudisha chakula cha mama, n'tamtazama vipi?"

Akala. Mashavu yakarudi, na majirani wakamshukuru mavyaa mbele yangu, nami nikisaga meno.

Alianguka asubuhi, kwenye cherehani yake, kanzu ya mtu ikiwa bado chini ya sindano.

Watu husema sikio la kufa halisikii dawa. Uongo mtupu. Sikio lake lilisikia vizuri sana. Wasiosikia ni wale waliomzunguka, na wao wakaishi.

Matangani mavyaa aliwaambia wanawake waliojaa chumbani kwamba nilimdhoofisha mwanawe kwa njaa, na kwamba yeye, mama yake, alichelewa kumwokoa. Nikajifunika kanga usoni; alikuwa mama anayemlilia mtoto wake. Tuliishi mtaa mmoja miaka mingi baada ya hapo. Kila tulipokutana nilimwamkia shikamoo, kwa adabu zote, na hata siku moja haikutoka moyoni.