Alama ya Mwashi wa Kasri Lililopotea

Atakayesema nimetunga, na aje kwangu Queensburgh, hapa Durban. Jiwe liko juu ya mlango. Mimi si mtu wa kuogopa vivuli. Niliondoka Durban nikiwa mbeba mizigo pale soko la Warwick, nikarudi na diploma ya uashi wa mawe kutoka Uskoti. Mkongo mwingine mwenye diploma hiyo mji huu, nitajie!

Kijiji nilichosomea kilikuwa na kasri zamani. Ukoo wa wenyewe uliisha, paa likabomolewa, wakulima wakabeba mawe kujengea mazizi. Leo wenyeji wanabishana hata lilisimama wapi. Zizi moja lilipovunjwa, mkulima alinipa jiwe. Lilikuwa na mshale mdogo, alama ya mwashi aliyelichonga. Nikalisafirisha pamoja na vyombo vyangu, nikaufuta ule mshale kwa patasi, nikachonga jina langu, nikalijengea juu ya mlango wa nyumba yangu. Kiburi? Ndiyo, cha jasho langu.

Jumapili iliyofuata, mchana, familia ikiwa kanisani na mvua inanyesha, nikamkuta mzee mlangoni. Mzungu, amejaa vumbi la mawe, nguo kavu kabisa. Niamini: alisema Kiswahili cha kwetu Bukavu.

"Fundi, nani alikupatia ruhusa ya kufuta alama yangu?"

"Jiwe ni langu, mzee. Niko na diploma."

Akacheka. "Diploma! Mimi nilijenga kasri. Iko wapi? Ile alama tu ndiyo ilibakia kusema niliishi."

"Basi pole. Kasri lako lilikufa, nyumba yangu iko na watu. Jiwe sitoi."

Akanishika mkono wa kuume. Baridi ikapanda mpaka begani. Kupepesa macho, hayupo.

Kesho yake jina langu lilikuwa limetoweka, mshale umerudi. Nikachonga tena, likafutika. Mara ya tatu mke wangu akasema, "Eish, Papa Furaha! Utashindana na marehemu mpaka lini?"

Mwishowe nilichonga jina langu chini ya mshale wake, kwa herufi ndogo. Limeshika. Lakini mkono haujapata joto, hata Februari Durban inapochemka. Daktari hakuona kitu. Na mkono huo bado unapiga nyundo.

Wewe fundi, ukikuta alama ya mwenzako kwenye kazi, usiiguse. Huenda hana kaburi lingine. Mimi sihami, na jiwe halishuki. Akirudi nitampa kiti, tubishane vizuri.