Mkalimani wa Kipindi cha Asubuhi

Jirani yangu hapa Timbwani alikuwa fundi mwashi mpaka magoti yalipomkatalia kupanda ngazi. Mimi nilikuwa karani bandarini. Yeye alijenga nyumba nyingi za mtaa wetu, pamoja na hii ninayoandikia. Mimi nilimaliza kidato cha nne, na kwa hilo tu alinihesabu msomi. Tulipostaafu, kila asubuhi nilikwenda kwake tukakaa sebuleni kwa chai, mahamri na mbaazi, televisheni mbele yetu.

Taarifa ya habari ya jioni ni ya Kiswahili, hakuhitaji mtu wa kumweleza. Lakini alichokipenda ni mjadala wa asubuhi, pale wanasiasa wanapoketishwa na kubanwa kwa maswali, na ule ni wa Kiingereza. Basi nikawa mkalimani wake. Yeye aliweka kikombe chini, akanitazama mdomoni, na mimi nikasema walichosema. Kwa miaka kadhaa niliifanya kazi hiyo kwa haki.

Kampeni za uchaguzi uliopita zilipopamba moto nilianza kumshuku mtangazaji. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani, asiyecheka ovyo. Nikaona anamkatiza mtu wetu, mgombea wa chama chetu, kila akifungua kinywa. Siku moja nilihesabu: mara kumi na moja. Niliporudi nyumbani nilimwambia mke wangu, "Yule kanunuliwa." Mke wangu akaniuliza, "Na yule wa upande wa pili alimkatiza mara ngapi?" Nikamwambia hakuna haja ya kuhesabu, inaonekana tu.

Siku iliyofuata mtangazaji alimuuliza mtu wetu kuhusu maji. Mbona miaka mitano amekuwa na cheo na watu wa Likoni bado wanasukuma mikokoteni ya mitungi? Mtu wetu akababaika, akaanza kutaja barabara. Jirani yangu akanigeukia.

"Asemaje?"

"Aulizwa mambo ya maji. Amemjibu vizuri, mtangazaji amenyamaza mwenyewe."

"Mashallah! Mpashe!"

Kesho yake aliketi mtu wa upande wa pili, na yule mwanamke akamgeuza kama chapati juu ya chuma. Mshipa wa shingo ulimsimama yule bwana. Mimi nikachovya hamri langu kwenye mbaazi.

"Hawa nao wasema nini?"

"Wasalimiana tu."

"Muda wote huo wasalimiana?"

"Ndiyo nikakwambia. Huyu mtangazaji ni mtu wao."

Nilijiambia kwamba nasawazisha. Kama mtangazaji anaegemea kule, mimi naegemea huku, na rafiki yangu atapata kilicho katikati. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya, na sikuona haya, kwa sababu kila asubuhi nilitoka pale nikiwa nimekasirishwa na upendeleo wa mtu mwingine.

Katika nyumba ya jirani yangu, vyumba vya nyuma, aliishi mpangaji kutoka bara pamoja na mkewe na watoto watatu. Alifanya kazi kiwandani ng'ambo ya kivuko. Walikaa pale miaka tisa. Mke wa jirani yangu alipovunjika nyonga, mke wa mpangaji ndiye aliyekuwa akimuogesha na kumbadilisha shuka, wala hakuombwa. Mpangaji alikuwa wa chama kile kingine na hakuficha, na walitaniana na mwenye nyumba wake bila neno baya.

Asubuhi moja, kipindi kilipokwisha, mpangaji alipita uani na taulo begani. Jirani yangu akamwita.

"Wewe! Umeona mwanamke wenu anavyomlea mtu wenu? Hata swali moja la maana hajamuuliza!"

Mpangaji akacheka. "Mzee, hiyo programu nimeiona pia. Amemuuliza mpaka jasho likamtoka. Hata mimi nimeona aibu."

"Wallahi hakumuuliza."

"Mzee wangu, amemuuliza."

"Wallahi nakwambia! Nilikuwa nimekaa hapa, na tafsiri nimepewa neno kwa neno na msomi huyu."

Mpangaji akanitazama. Hakuwa na hasira, alikuwa akinisubiri. "Si umuulize basi," akasema.

Jirani yangu akanigeukia. Palikuwa na nafasi ya kusema kweli, tena pana. Nikasema, "Alimuuliza vya juu juu tu."

"Huyo anakudanganya, Mzee."

Laiti angelisema neno jingine. Jirani yangu alisimama kwa yale magoti yake mabovu. "Mtu hawezi kukaa kwangu akamwita mwenzangu mrongo, nami nipo. Tafuta nyumba."

Maneno hayo, yakitamkwa wakati wa kampeni kwa mtu wa bara anayeishi upande wetu huu, si maneno ya kugombana na mpangaji tu; watu wa bara wamewahi kufukuzwa makwao kwa maneno kama hayo. Rangi ilimtoka mpangaji. Alishusha taulo begani, akarudi vyumbani kwake. Kabla ya wiki kwisha mkokoteni ulikuja, ukabeba vitanda, jiko na mabegi ya shule kuelekea kivukoni. Mke wa jirani yangu alilia akiwa kitandani. Mimi nilichungulia dirishani kwangu, na sikutoka.

Uchaguzi ukapita. Ijumaa moja tulikuwa tunarudi kutoka msikitini, naye akasema, kana kwamba anajisemea mwenyewe, "Yule mpangaji hunisumbua moyoni. Lakini nilimwapia Mungu juu ya jambo la kweli, kwa hiyo sina wasiwasi."

Nikasimama. Nikamwambia yote, pale pale kando ya njia, watu wakitupita na kutusalimu.

Aliuliza, "Ulianza lini?"

"Kampeni zilipoanza."

"Kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Na yule mwanamke niliyekuwa nikimlaani kila asubuhi?"

"Makosa hakosi. Lakini si yale niliyokwambia mimi."

Akatikisa kichwa. "Kumbe mtangazaji mwenyewe alikuwa wewe."

Alifunga siku tatu, kafara ya kile kiapo. Nilimwambia aliapa bila kujua, na huenda masheikh wakasema hana dhambi. Akasema nafsi yake haitulii. Nikamwomba nifunge pamoja naye. "Wewe hukuapa," akanijibu, kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mzito. Siku ya tatu nilimpelekea tende za kufuturia. Akazipokea na kunishukuru mlangoni.

Baadaye alikwenda peke yake Changamwe, walikohamia, kumwomba radhi yule mpangaji. Alipokewa, akapikiwa, akasamehewa. Kurudi hawakurudi, watoto walikuwa wamekwisha kuandikishwa shule ya kule, na sidhani shule ndiyo ilikuwa sababu yote.

Sasa natazama kile kipindi nyumbani kwangu. Kusema kweli bado nadhani yule mwanamke anaegemea kidogo upande ule. Huenda ni kweli. Lakini sina tena mtu wa kumwambia, na nikihesabu anavyomkatiza mtu wetu, najilazimisha kumhesabu na yule mwingine, na hesabu mara nyingi hukaribiana.

Jirani yangu hajanikatia salamu. Tunaamkiana, tunaswali safu moja, tunaulizana hali za wake zetu. Mwezi uliopita alipita mbele ya mlango wangu asubuhi, kanzu safi, mkononi bahasha ya kaki. Nilijua kwamba ofisi ya ardhi ilikuwa ikiwaandikia wenye viwanja vya mtaa wetu. Yangu nilikuwa nimekwisha kuisoma, kurasa mbili za Kiingereza. Nikamkaribisha chai. Akasema, "Ahsante bwana, nawahi kivuko."

Mke wake ndiye aliyemwambia mke wangu alikokwenda. Alivuka, akapanda gari mpaka Changamwe, akamngoja yule mpangaji atoke kiwandani, ili amsomee barua.