Ndizi Nilizozifunua Kila Saa

Mimi ni mtu wa kufunua. Chungu kikiwa motoni, nafunua. Mtoto wa jirani akilala, nafunua nguo nione kama anapumua. Mbegu nikiifukia leo, kesho naifukua kwa ncha ya kidole, niitazame, niifukie tena nikiiomba radhi. Najua si vizuri. Najua hata ninapofanya.

Nadhani ilianzia jikoni. Mama yangu alifariki kabla sijajua kusonga ugali, na nyumba yetu kule Maore, bondeni penye joto, ilikuwa nyumba ya wanaume, baba na kaka zangu. Hakukuwa na wa kuniambia sasa tia chumvi, sasa punguza moto. Nilijifunza kupika kwa kuharibu. Kaka zangu walicheka kila nilichoharibu na wakakimaliza, lakini mimi nilikuwa nakaa pembeni nimekosa raha, nikiwaza mvuke ulitoka lini na ni wapi nilipokosea. Aliyefundishwa na mama yake hupika huku anaimba. Mimi nilipika kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake.

Kisha nikaolewa milimani, Myamba. Mume wangu alikuwa akifanya kazi stesheni ya Same, akipakia mizigo ya treni, na alipanda kuja nyumbani mwisho wa mwezi tu. Kwa hiyo ndoa yangu, kwa siku nyingi, ilikuwa ni mimi, mama mkwe na wifi yangu ambaye alikuwa bado hajaolewa. Niliwapenda. Lakini nilipika kwenye mafiga ya mama mkwe, kwa chungu cha mama mkwe, na katika nyumba ile mke mgeni hakuwa na mafiga yake mpaka mama mwenyewe aseme. Nilitamani mawe matatu kuliko nilivyotamani khanga mpya. Nilijiambia kwamba siku nitakapokuwa na jiko langu, mkono wangu utatulia.

Mama mkwe hakuwa mtu wa mafumbo. "Nitakupa jiko," aliniambia, "siku utakapowalisha watu wa ndiva wakashiba, kwa mazao uliyoyatunza wewe."

Ndiva ni bwawa letu la udongo juu ya kijiji. Maji ya chemchemi hukusanywa humo, kisha hufunguliwa asubuhi yateremke mferejini, kila shamba kwa zamu yake. Matope yakijaa, pembe hupulizwa jioni, na kesho yake kila nyumba hutoa mtu wa kwenda kuzoa. Hiyo ndiyo kazi ya msaragambo, na nyumba yenye zamu huwapikia watu wote.

Nikapewa kona ya chini ya shamba la migomba, karibu na mfereji, penye migomba iliyozeeka na kusongwa na majani makavu. Lo, nilivyoifurahia kona ile! Nilikata makavu, nikang'oa machipukizi yaliyozidi, nikabeba samadi ya mbuzi kwa kikapu mpaka nguo zangu zote zikawa na harufu ya zizi. Mgomba ulioinama niliuwekea mti wa kuuegemea, kisha nikarudi kuutazama kama mti umekaa wima. Nilipanda na mbegu za papai nilizotoka nazo Maore. Zikaota polepole kwa baridi, zikazaa mapapai madogo kama ngumi, matamu ajabu. Mwembe nilioupanda ulinitazama msimu mzima bila kutoa hata jani jipya. Mananasi niliyapanda kwa kuvuta kamba, na shina moja lilipotoka nje ya mstari nililing'oa nikalipanda upya.

Wifi alikuwa amesimama na mtungi kichwani. "Wifi, unapanda mananasi au unajenga reli?"

"Yakikaa sawa yanapendeza."

"Haya. Treni ikipita uniite."

Migomba ilinilipa. Mikungu ilikomaa karibu pamoja, ndizi zimejaa hadi pembe zake zimeanza kupotea, na wiki hiyo hiyo mzee wa ndiva akatuma salamu kwamba zamu inayokuja ni ya nyumba yetu.

Hapo ndipo nilipojitia kitanzi kwa mdomo wangu. Ilikuwa wakati wa vita, na sukari dukani ilikuwa ikipimwa kama dawa. Nikatangaza, mbele ya mama mkwe na majirani waliokuja kuchukua moto, kwamba nitawapikia watu mikate ya ndizi mbivu kama ya kwetu. Unaponda ndizi zilizoiva hadi zinalegea, unachanganya na unga wa mahindi na chumvi kidogo, unafunga katika jani la mgomba lililobabuliwa motoni, unapika kwa mvuke. Haihitaji sukari hata chembe. Majirani walisema "eee" ya kusubiri kuona.

"Basi tuzipandishe darini leo," wifi akasema. Kule milimani ndizi huvundikwa juu ya jiko, kwenye dari la fito, moto wa kila siku unazipa joto.

"Zitanuka moshi," nikasema.

"Sisi sote tunanuka moshi."

"Mikate hainuki moshi. Kwetu tunachimba shimo."

Nikachimba shimo. Nikalitandika majani makavu, nikapanga ndizi kichane juu ya kichane, nikafunika kwa majani mengine na udongo. Maore ardhi ina joto kama tumbo la kuku anayelalia mayai. Ukizika ndizi mbichi, unarudi baada ya muda mfupi unakuta harufu tu inakupokea. Sikufikiri kwamba udongo wa Myamba, wenye ukungu asubuhi na umande jioni, ni kitu kingine kabisa. Na juu ya kosa hilo nikaongeza tabia yangu. Asubuhi nilifunua. Mchana nilifunua. Nilipokwenda kuteka maji nilipitia kufunua, nikabonyeza moja, nikabonyeza ya jirani yake nisiionee ya kwanza, nikafunika. Joto dogo lililokusanyika humo nilikuwa nalitoa mwenyewe kwa mikono yangu miwili.

Mama mkwe alinikuta nimepiga magoti.

"Umezika nini hapo?"

"Ndizi, Mama."

"Maiti gani huyu anayefufuliwa kila siku?"

Wifi alicheka mpaka akashika mgomba. Mimi nilicheka pia, kwa adabu, huku mkono wangu ukiwa bado ndani ya shimo.

Pembe ilipolia jioni ile, nilijua siku zimeniishia. Kulipokucha niliondoa udongo wote. Ndizi zilikuwa zimegeuka rangi kidogo kwenye ncha, njano ya mtu aliyetaka kutabasamu akaghairi. Katikati zilikuwa kijani na ngumu. Nilimenya moja kwa shida, utomvu ukanishika vidoleni, nikaionja. Si mbichi, si mbivu. Ilikwaruza ulimi halafu ikaacha utamu kidogo, kama inayonidhihaki. Ningeiponda na unga ningepata matofali.

Nililia palepale. Sitaficha. Nililia kwa ajili ya mawe matatu, na kwa ajili ya majirani na ile "eee" yao, na kwa sababu mtu mwingine yeyote kijijini angezitundika darini akalala usingizi.

Wifi akaja, akatazama shimo, akanitazama.

"Maharage yako motoni," akasema.

"Wifi, nilisema mikate."

"Watu wanazoa matope toka alfajiri. Unadhani wanawaza mikate? Inuka. Ndizi ni ndizi."

Tukazichemsha na maganda yake, kwa sababu kumenya zikiwa vile ni kupigana nazo. Zilipolainika maganda yakatoka yenyewe. Tukazimwaga kwenye maharage yaliyoiva, tukashika miiko tukaponda, wifi upande wake na mimi upande wangu, jasho linatiririka. Nikakaanga vitunguu kwa samli ya mama mkwe, nikamimina juu. Nikaonja, nikatia chumvi. Nikaonja, nikatia tena. Wifi akaninyang'anya kikopo cha chumvi akakikalia. Chakula kilikuwa na utamu wa chinichini uliokuja baada ya kumeza, kitu ambacho maharage na ndizi za kawaida hazina. Sikujua kama ni kizuri. Sikuwa na wa kumwiga wala wa kumuuliza.

Tulipanda na vyungu vichwani na kikapu cha mapapai. Watu walikuwa wametapakaa kingoni mwa bwawa, wamepakwa matope hadi magotini, wanataniana. Nikawapigia wazee shikamoo moja baada ya nyingine nikiwa nimeinamisha uso, ili nisiulizwe kuhusu mikate. Nikaulizwa papo hapo.

"Marahaba. Mikate iko wapi, binti wa Maore?"

"Imebaki njiani, Baba," wifi akanijibia. "Imechoka kupanda mlima."

Wakapakuliwa chakula. Nilikaa nyuma ya mgongo wa mama mkwe nikihesabu matonge ya watu. Kijana mmoja akatafuna, akasimama, akatangaza, "Jamani, hiki ni chakula cha mtoto anayeota meno!"

Vicheko vikazuka. Nilitamani bwawa linimeze pamoja na matope yake.

"Na sisi tunaong'oka meno tule nini?" mzee wa ndiva akajibu. Alikuwa na meno machache, na bakuli lake lilikuwa tayari limeisha. "Miaka yote mnanipikia makande ninayameza mazima kama kuku. Leo kuna mtu amenikumbuka. Ongeza hapa."

"Mmetia sukari?" akauliza mwingine. "Mmeipata wapi, nasi dukani tunapimiwa kwa kijiko?"

"Ni ndizi tu," nikasema, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

Walikula. Yule kijana wa kwanza alirudi na bakuli mara nyingine, akisema anamchukulia mtoto. Kila mtu alijua hajaoa. Si wote waliopenda. Mama mmoja alisukuma ndizi pembeni akatafuta maharage tu, na mimi, kwa jinsi nilivyo, nilimtazama yeye peke yake hadi alipomaliza. Mapapai yaligombewa. Vyungu vikarudi vyepesi.

Tukateremka kurudi nyumbani. Mama mkwe alitembea mbele, mimi katikati, wifi nyuma, na kila kona nilitunga maelezo mapya. Mwisho nikashindwa kuvumilia.

"Mama, wameshiba, lakini haikuwa mikate. Nilisema mikate."

"Nimeona."

"Udongo wa huku ni wa baridi. Sikujua. Halafu nilifunuafunua."

"Hilo nimeliona zaidi." Akasimama kupumua, mkono kiunoni. "Kuanzia kesho sikutaki jikoni kwangu."

Nilisimama palepale njiani. Nikashusha chungu kutoka kichwani nisije nikakivunja.

"Tangu umekuja," akaendelea, "sijala chakula kikatoka chunguni na mvuke wake. Nikigeuka, kifuniko kiko mkononi mwako. Nikiinama kuchochea, kichwa chako kimefika kabla ya changu. Unanitia wasiwasi mimi niliyezaa na kulea! Umewalisha watu, wameshiba, ni mazao yako. Nenda katafute mawe. Ukitaka kufunua, funua vyako."

Wifi akapiga kigelegele kule nyuma hadi mbwa wa jirani wakabweka.

Kesho yake nilipanda mlimani kutafuta mafiga. Mawe ya mtoni hupasuka motoni, kila mtu analijua hilo, kwa hiyo nilitafuta ya mlimani, makavu. Niligonga kila jiwe nikasikiliza. Niliyabeba, nikayapanga mahali mama mkwe aliponionyesha, nyuma ya nyumba, chini ya paa la fito na majani. Nikaweka chungu juu. Kikainama kidogo upande wa mlango. Nikachimba chini ya jiwe moja. Kikainama upande wa ukuta. Nikatia udongo. Nikarudi nyuma, nikafumba jicho moja.

"Wifi, nina njaa," wifi akasema. Alikuwa amekuja na bakuli lake kama mgeni wangu wa kwanza, amekaa kwenye gogo.

"Subiri kidogo. Bado hakijakaa sawa."

"Maji hayajui kama kimeinama."

"Mimi najua."

Alisubiri. Nikaondoa mawe yote nikaanza upya. Nilipoinua macho, gogo lilikuwa tupu, na nilimsikia akicheka jikoni kwa mama yake, kijiko kikigonga bakuli. Chungu kilipokaa sawa, nami nikawasha moto. Chakula cha kwanza cha jiko langu nilikila peke yangu, na kilikuwa kimeiva vizuri sana.