Joka Lililokunywa Mto Pangani

Uchovu wa ualimu umeniaibisha hapa Korogwe. Niliombwa kuchambua riwaya ya kifantasia ya Mama Rehema, nesi mstaafu wa Dindira. Niliisoma kitandani, baada ya kusahihisha madaftari ya madarasa mawili.

Jumamosi, mbele ya wasomaji na mwandishi mwenyewe, nikalisifu sana joka linalokunywa Mto Pangani mpaka unakauka. Kisha nikalalamika kwamba mwisho umeharakishwa.

Mama Rehema akanyoosha mkono. “Pole na kazi, mwalimu. Hilo joka liko ukurasa wa ngapi?”

Nikafungua kitabu nimwonyeshe. Penseli yangu ilikuwa bado ukurasa wa kumi na mbili, kando ya doa la mate, pale usingizi uliponipitia.

Akalitazama doa. “Kumbe hata mwisho wangu umeuota.”